Kwa Nini Jumamosi Siandiki Tena

Mmeuliza sana. Wengine mmeuliza kwa upole, wengine kama watu waliokatiwa maji bila taarifa. Na juzi mtu mmoja aliye mbali, ambaye sijawahi kumwona, aliandika chini ya andiko langu la mwisho: "Pumzika kwa amani, mama jasiri." Niliyasoma hayo nikiwa uani nachambua ndagala, hawa dagaa wa ziwa letu, mzima, nina njaa. Basi nimeona heri nijibu kabla hamjakaa matanga.

Sijafa. Nimeacha kuandika, na leo naandika kwa mara ya mwisho kusema kwa nini. Nawaandikia nyote, lakini hasa wewe uliyeambiwa wiki hii kwamba una kansa ya titi, ukatoka kwa daktari na simu mkononi na hamu ya kuwaambia watu. Waambie. Ila soma kwanza yaliyonipata.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Uvira. Mume wangu anafanya kazi ya kutoa mizigo ya watu forodhani, pale mpakani Kavimvira. Tuna mtoto mmoja, msichana, anauza kwenye duka la dawa. Jina lake leo silitaji. Mnalijua, kwa sababu nililiandika mara nyingi mno, na hilo ndilo shauri lenyewe.

Lakini nianze na mama yangu. Mama yangu alikufa na kansa ya titi. Nyumbani kwetu hakuna anayesema hivyo hadi leo. Wanasema alikufa na jipu. Alilificha chini ya kitenge sijui muda gani, akajipaka majani, akajifunga vitambaa, mpaka siku harufu ilipomshinda. Nilikuwa msichana, na ni mimi niliyemwosha. Shangazi zangu walisema ametupiwa kitu na jirani mwenye wivu. Tukaitikia, tukamzika, tukakaa matanga, na hakuna aliyetaja titi. Niliapa siku ile kwamba mimi mwili wangu sitauficha.

Kwa hiyo daktari aliponiambia kwamba uvimbe wangu ni ule ule, sikulia kwanza. Nilifikiria kitenge cha mama. Wiki hiyo hiyo nilifungua blogu hii. Niliandika kila Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya usafi ya asubuhi. Kila mtu akishafagia mbele ya mlango wake na kuzibua mtaro, nilinawa mikono, nikakaa kizingitini, nikaandika kwa kidole gumba. Nilianza kila mara kwa maneno yale yale: "Wapendwa, bado niko." Mlinijibu kutoka Bukavu, kutoka Kalemie, kutoka nchi za theluji. "Courage, Mama!" Neno hilo nimelisikia mpaka nikatamani kulipiga kofi.

Dawa ya sindano, ambayo huku tunaiita shimio, nilipewa mara sita, Bukavu. Sikuhesabu kwa kalenda. Nilihesabu kwa mpunga wa Bwegera, kwa sababu barabara inapita katikati ya mashamba yale. Safari ya kwanza mpunga ulikuwa bado kitaluni. Ya pili wanawake walikuwa wameinama ndani ya maji wanapandikiza. Ya tatu ulikuwa umeshika, na nywele zangu zilikuwa zimeanguka zote kwenye mto wa kulalia. Ya nne sikuona kitu, nilikuwa nimejifunika uso nikipambana na tumbo langu. Ya tano masuke yalikuwa yameinama, kucha zangu nyeusi, na kila kilichoingia kinywani, hata samaki mukeke wa kukaanga, kilikuwa na ladha ya sarafu. Ya sita walikuwa wameuanika kando ya barabara, na mimi nilikuwa nimekonda mpaka viatu vyangu vinanivuka.

Hakuna aliyeniambia kwamba kuugua ni kungoja. Pale hospitali tuliweka fishi zetu, kadi za matibabu, kwenye rundo juu ya meza. Aliyefika wa kwanza fishi yake iko chini kabisa, na muuguzi akisahau kugeuza rundo, wewe uliyeamka kabla ya jogoo unatibiwa wa mwisho. Nimeona wanawake wenye vipara wakigombana kwa ajili ya rundo lile kama watu wa kisimani. Mimi nami nimegombana. Halafu muuguzi akiita jina, wote tunanyamaza na kumtazama anayeingia.

Katika benchi lile nilikuwa na rafiki. Safari hii sisemi anatoka wapi wala analima nini. Tulikuwa tunapokezana kipande cha tangawizi cha kutafuna. Siku moja aliniona naandika, akasema, "Hii mambo yako iko muzuri, Mwalimu. Lakini minye usiniandike." Nikamwahidi. Jumamosi nikaandika "mama mmoja ambaye jina lake silitaji," nikataja kijiji chake, na shamba lake liko upande gani wa mfereji, na kwamba mumewe hajui ugonjwa ni upi. Nilijiona mwema sana kwa kutotaja jina. Kijiji chenyewe kina mfereji mmoja! Shimio iliyofuata alikuja na mumewe, akaketi benchi la upande wa pili, na tangawizi yake akatafuna peke yake.

Hilo lilitosha kunifundisha, lakini mjinga hafundishwi na kosa moja.

Nyumbani nako maneno yalianza. Mume wangu si mtu wa kusema. Akiwa na huzuni anapiga pasi shati, hata kama lilishapigwa. Alirudi siku moja kutoka Kavimvira, akasimama katikati ya nyumba.

"Mwalimu," akasema. Huniita hivyo akinitania na akikasirika. "Leo ku mpaka bantu baliniuliza kama umeacha kuharisha. Bantu ya Bujumbura! Banajua tumbo yako kunipita minye."

"Wamekuuliza kwa upendo," nikasema.

"Minye sikatai. Lakini niko na aibu."

"Aibu ndiyo iliyomuua mama yangu."

Hapo akaenda kuchukua pasi, kwa sababu sentensi hiyo ilifunga kila mdomo. Niliitumia kwa kila mtu. Niliitumia pia kwa binti yangu, na huyo ndiye hakustahili. Yeye ndiye aliyeninyoa nywele zilizobaki. Ndiye aliyemwaga beseni langu asubuhi kabla ya kwenda kazini, na hakukunja pua hata siku moja. Nilipokatwa titi, kiangazi kilipoanza na vumbi la bonde linafika mpaka ziwani, ni yeye aliyenishonea kifuko cha kitambaa akakijaza mchele. Alijaribu pamba kwanza, ikawa nyepesi mno, blauzi inapanda upande mmoja. Mchele una uzito wa mwili. Akakipima kwenye kiganja, akapunguza, akaongeza, akaniambia, "Vaa tuone." Nilivaa, nikajitazama kwenye kioo, nikalia kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze.

Hiyo ilikuwa zawadi kubwa kuliko zote nilizopata, na ilikuwa yetu wawili. Jumamosi niliiandika, na picha nikaweka: mikono yake, sindano, mchele. Mliipenda mno. Sokoni watu wakawa wananitazama kifuani wakikisia ni lipi la mchele. Shuleni mtoto wa darasa la tatu aliniuliza kama likinyeshewa litaiva. Binti yangu aliona picha ile dukani, kwenye simu ya mteja.

"Mama, ile picha utaitoa?" aliniuliza jioni.

"Inasaidia watu," nikasema, na sikuitoa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Kulikuwa na kijana aliyempenda binti yangu, na yeye akampenda. Familia yake ilishakuja kujitambulisha mwanzoni mwa mwaka, kabla sijaanza kunyauka. Watu wa heshima, wa bondeni. Tulikubaliana kwamba baada ya mavuno warudi tuzungumze mahari. Na ninyi mnajua desturi. Kabla ya mahari, upande wa kijana huuliza ukoo: kuna wizi? kuna uchawi? kuna ugonjwa wa damu? Na upande wa msichana hujibu, "Kwetu hakuna." Kila mtu hujibu hivyo, na kila mtu anajua kwamba ndivyo hujibiwa. Wanaoulizwa ni majirani, na majirani husema nusu na kumeza nusu. Ndoa zetu zote zimepita kwenye tundu hilo, na ya kwangu pia, kwani mnadhani wakwe zangu walijua mama yangu alikufa na nini?

Walirudi kiangazi, Jumapili baada ya ibada. Msemaji wao, mzee mmoja mwenye koti la kahawia, na shangazi wa kijana. Wawili tu. Mtu anayekuja kuzungumza mahari haji na watu wawili, hilo niliona mara moja. Binti yangu aliwaletea Fanta, akapiga goti kidogo, akarudi jikoni. Pazia tu lilitutenga naye.

"Baba, Mama," mzee akasema, "siye tumekuya na heshima. Hatukukuya kugombana."

Akatoa bahasha ndani ya koti. Ndani yake mlikuwa na karatasi zilizopigwa chapa kwenye moja ya maduka ya fotokopi. Nilijua kabla sijaona herufi. Zilianza: Wapendwa, bado niko.

"Hii maneno ni ya nani?"

Mume wangu alitazama saruji. "Ni ya muke wangu."

"Iko ya kweli?"

"Ni ya kweli," nikasema mimi, na nilisema kwa kiburi. Bado nilikuwa na kiburi.

Mzee akavaa miwani, akasoma mahali palipopigwa mstari kwa bic nyekundu, polepole, kama anasoma Injili. "Daktari ameniuliza kama mama yangu pia aliugua hivi. Nimesema ndiyo. Ameniuliza kama nina binti. Nimesema ninaye mmoja." Na jina lake hapo, herufi zote. "Amesema na yeye awe anapimwa, kwa sababu ugonjwa huu wakati mwingine unatembea kwenye ukoo."

Akakunja karatasi, akairudisha kwenye bahasha, akaiweka mezani mbele yangu.

"Tungemuuliza jirani, jirani angesema hapana," akasema. "Siye tungekubali. Lakini weye mwenyewe umeandika, Mama. Hatuna namna ya kusema hatukusoma."

Yule shangazi alinishika mkono. Macho yake yalikuwa na machozi ya kweli, na hilo ndilo lililonichoma. "Mama, tunakusomaka kila Jumamosi. Tunakuombea. Courage."

Wakainuka. Chupa za Fanta zilibaki na vifuniko vyake. Huku kwetu hakuna haja ya kusema zaidi. Binti yangu alitoka jikoni, akazikusanya, akazirudisha kwenye kasha la dukani moja moja, kila moja kwenye shimo lake.

"Mama," akasema bila kugeuka, "hii usiandike."

"Siandiki," nikasema.

Niliandika. Ilikuwa Jumamosi, salongo imekwisha, nimekaa kizingitini, na hasira imenijaa mpaka shingoni. Nilijiambia kwamba naandika kwa ajili ya wasichana wote wanaokataliwa kwa sababu ya damu ya mama zao. Sikutaja jina la familia ile. Nilitaja koti la kahawia. Nilitaja Fanta. Andiko lile mlilisambaza kuliko yote niliyowahi kuandika. Mhubiri mmoja alilisoma madhabahuni, na mimi nilikuwa nimekaa safu ya tatu nikiitikia amina. Kwa wiki nzima watu waliingia kwenye duka la dawa kumtazama msichana aliyekataliwa. Hawakununua kitu, walimtazama tu, wakamwambia courage.

Baada ya hapo hakunigombeza. Alinisalimia, alipika, alinifunga bendeji ya mkono, kwa sababu mkono wangu wa kulia, upande waliokata titi, ulianza kuvimba na sikuweza tena kuandika ubaoni juu ya bega. Alifanya kila kitu. Lakini hakuniambia tena neno linalomhusu. Nikimuuliza, "Kazini vipi?" anajibu, "Salama." Nikimuuliza, "Mwili vipi?" anajibu, "Salama." Nilidhani ni huzuni ya mapenzi, nikangoja ipite. Mvua zilianza, mitaro ikajaa, zikaendelea.

Mwanzo wa mwaka nilirudi Bukavu kuchunguzwa. Pale Bwegera mpunga ulikuwa kitaluni tena. Daktari aliniambia haoni kitu kibaya, nirudi kila baada ya muda, niendelee na vidonge. Nilirudi Uvira nikiwa mwepesi. Jumamosi ile nilikuwa na habari njema ya kuwapa, andiko zuri kuliko yote, na simu yangu ikawa imekwisha moto. Binti yangu alikuwa kazini. Mfuko wake mwingine ulikuwa umening'inia mlangoni. Nikaingiza mkono kutafuta chaja.

Nilitoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilitoka kwenye kliniki moja ya Bujumbura. Ekografi, ile picha ya ndani ya mwili, titi la kushoto, uvimbe mdogo, na chini yake daktari ameandika kwa Kifaransa kwamba mgonjwa arudi haraka, akiwa na mtu wa kumsindikiza, akatwe kipande kipimwe. Tarehe yake ilikuwa ya mwanzo wa mvua. Mvua zile zile nilizokuwa namuuliza mwili vipi.

Aliporudi mchana, karatasi ilikuwa mezani.

"Hii ni nini?"

"Mama, umeshasoma. Unauliza ya nini tena?"

"Toka mvua ianze! Weye mwenye kuuza dawa! Unajua ugonjwa huu, umeniosha na mikono yako!"

"Najua."

"Sasa ilikuwa nini? Uliogopa?"

Alivua viatu, akaviweka pamoja ukutani. "Nilivuka mupaka, nikasema naenda kununua vitenge. Huku Uvira kila muntu anajua minye ni binti ya nani. Daktari akaniambia nirudi na muntu. Nikawaza, nitarudi na nani? Baba atalia mu njia yote. Barafiki yangu banakusomaka. Kukabaki weye."

"Ndiyo! Minye ni mama yako!"

"Weye ungeandika."

Nilichukua ile karatasi, nikaikunja mara nne kama ilivyokuwa.

"'Wapendwa, bado niko,'" akasema, na alikuwa ananiigiza sauti, vizuri kabisa. "'Leo mvua imenyesha tena mu nyumba yangu.' Njo vile ungeandika, Mama. Na picha."

"Bibi yako alikufa kwa kuficha," nikasema. Lilikuwa limebaki hilo tu.

"Bibi alificha sababu ya bantu. Minye nilificha sababu yako." Ndipo alipoanza kulia. "Sikuwa naogopa ugonjwa sana. Nilikuwa naogopa Jumamosi."

Nitawaambia ukweli: kitu cha kwanza nilichosikia kilikuwa hasira. Nilitaka kumwambia juu ya mwanamke mmoja wa milimani aliyenisoma kwenye simu ya mdogo wake, akateremka kwa miguu siku mbili kuja kupimwa, akawahi. Yupo, ni kweli, na sijutii hata neno moja lililomteremsha. Lakini binti yangu alikuwa anatembea na uvimbe mfukoni ndani ya nyumba yangu mwenyewe, anafunika kama bibi yake alivyofunika, na kitenge alichojifunika nilikifuma mimi, Jumamosi baada ya Jumamosi. Nilikimbia kimya cha mama yangu kwa kelele kubwa mpaka nikamzalishia binti yangu kimya kile kile. Sina wa kumlaumu. Si mzee wa koti la kahawia, wala ninyi mliosoma.

Andiko la habari njema sikuliandika. Niliketi nikafuta jina lake, mahali pamoja baada ya pengine, kwa kidole gumba. Picha ya mikono yake nikaitoa. Mume wangu alinitazama kutoka kwenye pasi yake.

"Unafuta?"

"Nafuta."

"Iko mu simu ya bantu bote, Mwalimu." Hakusema kwa ubaya. Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye alikuwa ameyaona yakimwagika tangu siku ya kwanza.

Jumatatu tulivuka. Mume wangu alitusindikiza mpaka kwenye kizuizi cha Kavimvira, na wenzake wakamkimbilia, kama kawaida yao. "Mama Mwalimu! Unaenda ku hospitali tena?" Mume wangu, mtu ambaye sijawahi kumsikia akidanganya, akawatazama usoni. "Banaenda kununua vitenge," akasema. "Kuna harusi ya ndugu." Akasema na rangi ya vitenge. Sijawahi kumpenda hivyo.

Simu yangu niliiacha nyumbani, kabatini, chini ya mashuka. Katika chumba cha kungojea mkono wangu uliitafuta mara nyingi. Kulikuwa na feni isiyozunguka, na mwanamke aliyekuwa anamega maandazi na kuwapa watu asiowajua, na mtoto aliyelala mdomo wazi. Sentensi zilikuwa zinajipanga zenyewe kichwani, nazifukuza, zinarudi. Huo nao ni ugonjwa, na wala hakuna shimio yake.

Yule mwanamke wa maandazi akanikazia macho.

"Si weye ule Mwalimu wa Uvira? Wa Jumamosi? Minye nakusomaka!" Akashusha sauti. "Imerudi?"

"Hapana. Minye nimepona."

"Sasa umeleta nani?"

Binti yangu alikuwa kando yangu, bega kwa bega, anatazama vidole vya miguu yake. Nilijua jibu ambalo ningempa mwaka uliopita. Ningempa jina, na umri, na upande gani, na ningeona uso wake unavyoyeyuka kwa huruma, na ningejisikia vizuri.

"Nimesindikiza muntu," nikasema.

Alingoja niendelee. Sikuendelea. Akarudi kwenye maandazi yake, kidogo amekasirika. Binti yangu aliuchukua mkono wangu uliovimba, akauweka juu ya mapaja yake uinuke, kama muuguzi alivyotufundisha, akauacha hapo mpaka tulipoitwa.

Kwa hiyo wewe uliyeambiwa wiki hii: pimwa, meza dawa zako, gombania rundo la fishi. Useme una nini, usifunike. Mwili wako ni wako, uutangaze kama unataka, hata sokoni. Lakini ukifika kwenye mwili wa mtu mwingine, hata uliyemzaa, simama uulize, na akisema hapana, iwe hapana siku ya Jumamosi pia. Mimi nilichelewesha mtoto wangu mvua nzima kwa kutojua hilo.

Msidhani nimerudia kosa lile lile hapa. Ni yeye aliyesema niandike kwamba alichelewa, na kwa nini alichelewa, ili msichana mwingine asingoje. Jana nilimsomea haya yote kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, akiwa anakata lenga-lenga. Alisema nitoe mistari miwili. Nimeitoa. Kuhusu ile sauti yangu aliyoniigiza, nilitaka itoke, akasema ibaki.

Majibu tulipewa, katika chumba kile kile, feni bado haizunguki. Nilikuwepo. Ninayajua, na baba yake anayajua. Najua ninyi mngependa kuyajua, na kwa muda mrefu ni mimi niliyewazoesha.

"Na majibu?" aliniuliza nilipofika hapa. Kisu kilikuwa kimesimama juu ya mboga.

"Majibu ni yako," nikamwambia.

Kisu kikashuka, akaendelea kukata. "Basi iko muzuri," akasema. "Weka."